Mateka wawili wa Nyeri: mmoja amezikwa ndani ya kanisa, mwingine kaburi lake halijulikani

fundi_picha

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Kazi yangu hapa Arusha ni kufufua picha za zamani. Mtu analeta picha imeliwa na mende pembeni, imekunjika katikati, mimi naiskani, naziba matundu kwenye kompyuta, namchapia mpya. Jumatatu kaja mama mmoja wa makamo na picha ya marehemu baba yake, askari wa Keya, lile jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Picha yenyewe ndogo, inaenea kwenye kiganja. Mzee kasimama wima, kaptula imepigwa pasi mpaka mkunjo unaonekana, bunduki begani. Nyuma yake wazungu wanne wamekaa juu ya rundo la kokoto. Mmoja hana shati. Mwingine anacheka na mtu ambaye hayumo kwenye picha. Ukiigeuza, nyuma pameandikwa kwa penseli: Naivasha 1942.

Mama akaniambia, "Mwanangu, hao wazungu wote watoe. Nataka baba peke yake, nimtundike sebuleni."

Nikamjibu shikamoo yangu ya pili, nikamwambia sawa mama, pita Jumamosi. Kufuta watu wanne ni kazi ya saa mbili. Lakini nilipoikuza ile picha kwenye kioo nikashindwa kuanza. Mzungu kakaa chini, Mwafrika kasimama na bunduki, na mwaka ni 1942! Hebu fikiria mkoloni alikuwa wapi mwaka huo.

Wale ni wafungwa wa vita wa Kiitalia. Mwaka 1941 Waingereza, wakiwa na askari wetu wa Keya pamoja na Wahindi, Waafrika Kusini na wengine, waliipiga Italia kule Somalia na Ethiopia. Wakakamata watu kwa maelfu na wengi wakaletwa Kenya. Waliopita barabara ya kuteremka bondeni kwenda Naivasha kupitia Mai Mahiu wamepita juu ya jasho lao. Kale kakanisa kadogo pembeni ya barabara, wafungwa walikajenga wenyewe mwaka 1942.

Hapo ndipo nikakumbuka Nyeri. Mwaka jana nilikwenda huko kwenye harusi ya rafiki yangu. Asubuhi yake tukazungushwa mjini, tukafika Mathari, kwenye kanisa la kumbukumbu ya Waitalia. Ndani kuta zimejaa majina. Wamo wanajeshi 676 mle, na kiongozi wao mkuu kazikwa nao. Siku ile nilipiga selfi nikatoka. Sasa nimerudi kusoma na nimebaki na picha mbili ambazo haziniachi.

Picha ya kwanza. Mei 1941, Amba Alagi, milimani kaskazini mwa Ethiopia. Mwanamfalme Amedeo wa Aosta, aliyekuwa anatawala Afrika Mashariki yote ya Kiitalia kwa niaba ya mfalme wake, anajisalimisha. Waingereza wakampa heshima za kivita, yaani askari wake waliruhusiwa kushuka mlimani kwa gwaride, wakapita mbele ya waliowashinda, ndipo wakaweka silaha chini. Mtu mwenyewe mrefu, karibu mita mbili. Katika picha za siku zile ukimtazama akiwa na maofisa wa Kiingereza utadhani ni mgeni rasmi. Pingu hakuna. Akaletwa Kenya kama mfungwa, akaugua kifua kikuu na malaria, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942 akiwa na miaka 43. Kaburi lake ndilo hilo la Nyeri.

Picha ya pili. Hii mnaijua wote. Tarehe 21 Oktoba 1956, alfajiri, ukingoni mwa msitu wa Aberdare, Nyeri hiyohiyo. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na mkoloni msituni, kapigwa risasi ya mguu na Mkikuyu mwenzake, Ndirangu Mau. Wakamlaza kwenye machela, wakampiga picha. Kavaa koti lake la ngozi ya chui, nywele ndefu zimesokotana, mikono imewekwa mbele ili pingu zionekane vizuri. Macho yako wazi. Mimi natazama macho ya watu kwenye picha kila siku kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza wateja wanachotaka kirudi, na nawaambia yale macho hayamwombi mpiga picha chochote.

Serikali ikaichapisha picha hiyo kwenye vipeperushi ili waliobaki msituni wakate tamaa. Kesi ikasikilizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Na shitaka, wakuu, shitaka lilikuwa kukutwa na bastola na risasi. Mtu aliyeongoza vita kwa miaka minne anashitakiwa kwa bastola moja! Novemba akahukumiwa kifo, Desemba rufaa ikatupwa, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Kaburi halikuwekwa alama.

Hoja yangu ni hii. Hawa wote wawili walikamatwa na dola moja. Mmoja aliitwa mfungwa wa vita, mwingine akaitwa gaidi. Ukizitazama picha zao vizuri hukumu imo humo tayari, kabla jaji hajavaa wigi. Aliyesimama kazikwa kanisani na majina ukutani, aliyelazwa hatujui hata pa kuweka ua.

Karibuni.

kichwa_ngumu

Uzi mzuri mkuu ila umetia chumvi. Amedeo alikuwa jenerali wa nchi, ana sare, ana bendera, ana serikali iliyotangaza vita. Mau Mau walikuwa wanaapa usiku na kuua Wakikuyu wenzao. Lari Machi 1953 walichoma watu ndani ya nyumba, wanawake na watoto. Tusimfanye kila aliyenyongwa kuwa malaika. Na Waitalia unaowaonea huruma hapo ndio waliomwaga gesi ya sumu kwa Wahabeshi mwaka 1935 na 1936. Picha ya kanisa lenye majina ukutani haisemi hilo.

fundi_picha

Mkuu kichwa_ngumu, la gesi umenikamata, nilipaswa kulitaja. Na Lari siikatai. Lakini usiku uleule wa Lari na siku zilizofuata, homugadi, yaani Wakikuyu waliopewa silaha na serikali, na askari nao walilipiza na kuua watu wengi, na hao sijasikia walionyongwa. Walionyongwa ni wa upande mmoja, watu 1,090 kwa miaka ile ya hali ya hatari. Siulizi nani malaika. Nauliza kwa nini mateka wa huku anapigiwa saluti na mateka wa kule anapigiwa kitanzi.

Binti_wa_Tetu

Mimi ni wa huko huko nyumbani kwa Kimathi, wacha niwaambie kitu kuhusu hiyo picha.

Cucu yangu, yaani bibi, alikuwa msichana wakati huo, wako kwenye kijiji cha kufungiwa, kile chenye handaki na miti iliyochongwa. Karatasi zilipoletwa walikusanywa uwanjani wakaonyeshwa. Alikuwa akisimulia hivi: akina mama waliangalia, wakanyamaza, halafu mmoja akasema chini chini, "Huyo si Kimathi. Wamechukua maiti wakaivalisha ngozi." Basi hiyo ndiyo ikawa habari ya kijiji kwa wiki nzima. Mzungu alileta picha ili watu waamini, na picha yenyewe ndiyo ikawafanya wasiamini.

Cucu alikuja kukubali baadaye sana. Na unajua alikubali kwa nini? Kwa nywele. Alisema hakuna mzungu anayeweza kutengeneza nywele kama hizo.

Sasa hiyo picha iliyotengenezwa kumwaibisha, leo iko kwenye fulana, kwenye matatu, kwenye ukuta wa kinyozi. Sanamu ya Nairobi ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe, na hapo amesimama, bunduki mkono huu, kisu mkono ule. Lakini vijana hawavai sanamu kwenye fulana, wanavaa mateka.

Mjane wake Mama Mukami amefariki Mei 2023 akiwa bado anadai mifupa ya mume wake. Hilo ndilo linaniuma mimi. Picha wanayo kila mtu, mwili hawana.

mchungaji_wa_ngamia

Nimekaa pale, naandaa kahawa. Endeleeni.

Wakili_wa_Kijiweni

Niingilie kidogo upande wa sheria, maana naona mnapigana gizani.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 ndio unaohusu wafungwa wa vita. Kifungu cha 4 kinataja nani anastahili jina hilo. Jeshi la nchi linaingia moja kwa moja. Wapiganaji wengine wa upande wa nchi inayopigana wanatakiwa wawe na kamanda, alama inayoonekana kwa mbali, silaha wazi, na wafuate desturi za vita. Kifungu cha 13 kinasema mfungwa alindwe dhidi ya vitisho, matusi na kugeuzwa kioja cha watu. Hilo la kioja limo pia kwenye mkataba wa 1929, kwa hiyo lilikuwepo hata wakati wa Amedeo.

Uingereza ilitia saini mwaka 1949 lakini haikuridhia mpaka tarehe 23 Septemba 1957. Kimathi alinyongwa Februari mwaka huohuo. Hesabuni wenyewe ni miezi mingapi.

Hata hivyo msidhani ingebadilisha kitu. London haikuita ile vita hata siku moja, iliita "hali ya hatari". Ukishaiita hivyo, adui anageuka mhalifu wa kawaida, na mhalifu wa kawaida anashitakiwa kwa bastola. Ndiyo maana shitaka lile lilikuwa dogo vile: wangemshitaki kwa vita wangekuwa wamekiri kwamba vita ipo. Dunia ilikuja kukubali mwaka 1977 tu, kwenye Itifaki ya kwanza ya nyongeza, kwamba wanaopigana kujikomboa na ukoloni nao wako kwenye vita vya kimataifa, kwa hiyo wakikamatwa ni wafungwa wa vita. Miaka ishirini baada ya kitanzi.

kichwa_ngumu

Wakili hapo kwenye bastola nimekuelewa. Sikuwahi kuliwaza hivyo.

dereva_wa_noah

Fundi, hoja yako ni tamu lakini umeangalia jina ambalo adui anampa mateka. Umesahau jina analopewa na watu wake mwenyewe. Ngoja nikupe Mjapani.

Desemba 1941, siku Japani iliposhambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor kule Hawaii, ilipeleka pia nyambizi ndogo tano, kila moja watu wawili. Jumla watu kumi. Moja ilikuwa ya afisa kijana Kazuo Sakamaki. Dira yake ilikuwa mbovu tangu inaondoka, akazunguka, akagonga miamba, mwisho nyambizi ikamshinda. Mwenzake akafa majini. Yeye akatupwa na mawimbi kwenye ufuko wa Waimanalo, amezimia. Kufungua macho, askari wa Hawaii, David Akui, kasimama juu yake. Mfungwa wa vita wa kwanza kukamatwa na Marekani katika vita vile na Japani.

Akaomba wamwache ajiue, wakakataa. Wakampeleka kupiga picha ya kumbukumbu za wafungwa. Kabla ya picha alijichoma uso na sigara. Tafuteni hiyo picha, utaona mashavuni madoa yamejipanga. Hakutaka kamera ipate uso wake ukiwa mzima.

Huku Japani nako wakatengeneza picha yao ya kuwatukuza mashujaa wa nyambizi, wakawaita miungu ya vita. Kwenye picha wako tisa. Nyambizi tano, watu wawili wawili, halafu tisa! Mwenye akili ya darasa la pili aliona kuna mmoja kakatwa. Fundi, hiyo ndiyo kazi uliyopewa na yule mama.

Vita ilipoisha akarudi kwao mwaka 1946, akaanza kupokea barua za watu wasiomjua wakimwambia ajiue. Hakujiua. Akaingia Toyota, akapanda mpaka akaongoza kampuni yao ya Brazili. Mwaka 1991 akaenda Texas, kwenye makumbusho ya mji wa Fredericksburg, akaikuta nyambizi yake imewekwa ndani, akalia. Kafariki 1999.

Mimi na Noah yangu tunamheshimu sana huyo mzee.

fundi_picha

Dereva umenivuruga. Kumi minus mmoja. Nimeifunga ile faili ya mama kwanza, nitaifungua kesho.

mchungaji_wa_ngamia

Hahahaha "mimi na Noah yangu".

mbeba_boksi

Salaam kutoka huku kwenye baridi. Na mimi nina ya kuivunja hoja ya fundi kwamba aliyelazwa ndiye kaisha.

Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina ilivamia visiwa vya Falkland, wao wanaviita Malvinas. Kikosi cha Uingereza pale kilikuwa makumi tu ya wanamaji. Wakapigana asubuhi ile, gavana akaamuru wajisalimishe. Mpiga picha Mwajentina, Rafael Wollmann, alikuwa visiwani kwa kazi nyingine kabisa, akajikuta ndani ya habari kubwa ya mwaka. Akawapiga wanamaji mikono juu, komando wa Argentina kawaelekezea silaha. Picha nyingine wamelala kifudifudi barabarani kama wezi wa kuku. Huku Uingereza magazeti yalipozitoa watu walipandwa na hasira mpaka basi. Argentina walidhani wameonyesha ushindi, kumbe wamemwagia petroli.

Sasa jambo lenyewe: wale waliolazwa chini hawakuwekwa kambini. Walisafirishwa mpaka Montevideo, wakapandishwa ndege kurudi kwao. Wengi wakaomba kurudi na meli za vita, na wakarudi. Juni 14 Argentina iliposalimu amri, wanamaji wa kikosi kilekile ndio walikuwa wanapandisha bendera kwenye nyumba ya gavana. Siku 74 tu.

Na hapo ndipo picha zikageuka. Zipo za vijana wa Argentina, wengi wao wameandikishwa jeshini kwa lazima, wamepanga foleni na baridi ile, kofia za chuma na bunduki zimerundikwa pembeni kama vyuma chakavu. Walipakiwa kwenye meli ya abiria ya Canberra, wakashushwa Puerto Madryn tarehe 19 Juni. Wakubwa wao walitaka wapite kimyakimya. Watu wa mji wakavunja vizuizi, wakawabeba majumbani, wakawalisha. Mpaka leo mji ule unaikumbuka siku hiyo kama siku Madryn ilipoishiwa mkate.

Baada ya hapo ndiyo wakasahauliwa. Serikali haikutaka kuwaona, kazi hakuna, wengi wakajiua miaka iliyofuata. Kwa hiyo fundi, aliyelazwa barabarani alirudi na bendera, na yule aliyesimama na bunduki mwezi Aprili jeshi lake lilirudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Binti_wa_Tetu

Siku Madryn ilipoishiwa mkate. Yani hiyo peke yake ingefaa iwe na uzi wake.

Mzee_wa_Kyaka

Vijana nawasoma tangu jana, mnasafiri mbali sana. Niwarudishe Kagera.

Mwaka 1979 nilikuwa na miaka kumi na moja. Amin alikuwa amevunja daraja la Kyaka na sisi tulishakimbia, tukarudi vijana wetu walipowasukuma. Siku moja lori la jeshi likasimama karibu na duka kwa ajili ya maji ya rejeta. Ndani, sakafuni, walikaa mateka. Sio Waganda, Walibya. Gaddafi alikuwa amewatuma kumsaidia Amin, wakakutana na mkong'oto Lukaya mwezi Machi. Mmoja alikuwa na buti, waliobaki peku. Miguu yao ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa.

Watu wakaanza kukusanyika. Mtu mmoja akaokota jiwe. Askari wetu aliyekuwa nyuma ya lori hata hakupiga kelele, alisema tu, "Huyu sasa ni wa serikali, weka chini." Akaweka. Mama yangu akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji, akampa yule askari, askari akampa Mlibya. Sikuelewa kwa nini hakumpa mwenyewe mkononi. Nilipomuuliza akasema angemtazama usoni.

Hakuna aliyekuwa na kamera. Wale Walibya waliwekwa huku kwetu, baadaye wakaachiwa wakarudi kwao. Wazima kabisa. Wengine huenda wana wajukuu wanaopitia mitandao kama ninyi. Hakuna aliyewapigia saluti na hakuna aliyewapigia kitanzi, na ndiyo maana hamna picha ya kuwekea uzi.

Wakili_wa_Kijiweni

Mzee shikamoo. "Huyu sasa ni wa serikali." Hicho ni kifungu cha 12 cha Geneva kwa Kiswahili fasaha: mateka si mali ya aliyemkamata, ni dhamana ya dola. Mihadhara yote niliyokaa chuo haikufikia sentensi hiyo.

kichwa_ngumu

Shikamoo mzee, wengine tukitoa heshima nasi tuhesabiwe. Ila swali kwa fundi. Je, Mau Mau wote waliokamatwa walinyongwa? Maana umempiga picha Kimathi tu.

fundi_picha

Swali zuri, na kwa kweli nilikuwa namficha mtu mmoja kwa makusudi kwa sababu anaharibu hesabu yangu. Jenerali China.

Jina lake Waruhiu Itote, naye wa Nyeri, Mukurweini. Vita vya pili vya dunia alikuwa Keya, kapigana Bama (Burma) upande wa Mwingereza. Huenda alipita barabara moja na baba wa mteja wangu. Akaingia msituni, akaongoza upande wa Mlima Kenya. Januari 1954 akakamatwa akiwa na jeraha la risasi la shingo. Mwaka huohuo akahukumiwa kifo Nyeri. Kitanzi kilikuwa kimeshafungwa.

Lakini yule afisa wa polisi Ian Henderson, ambaye baadaye ndiye aliyeongoza msako wa Kimathi, akakaa naye siku kadhaa mchana na usiku akimhoji. China akakubali kuwaandikia majenerali wenzake barua wakutane na serikali wazungumze. Mazungumzo yakavunjika, ila yeye akasamehewa kifo. Wakampeleka Lokitaung, jangwani kule kaskazini, akafungwa na Kenyatta, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza gerezani. Akatoka 1962. Baada ya uhuru akawa naibu mkurugenzi wa NYS, kazi ya kulea vijana wa taifa. Kafa kwake mwaka 1993.

Mtaa uleule, vita ileile, mahakama za mji uleule. Mmoja alizungumza, akapona. Wapo wanaomwita msaliti hadi leo. Mimi siwezi, sikuwa na risasi shingoni.

Na huyo Henderson msimwonee wivu: Kenya huru ilimfukuza mwaka 1964, akaenda Bahrain kuwa mkuu wa usalama miaka chungu nzima, na huko nako wafungwa walimlalamikia kwa mateso. Kafa 2013.

mbeba_boksi

Kumbe aliyeshika pingu naye anastahili uzi wake. Kama yule Nguyễn Ngọc Loan wa Vietnam, aliyepigwa picha na Eddie Adams Februari 1968 akimpiga mateka risasi ya kichwa barabarani Saigon. Mateka alikufa palepale. Loan akaishi mpaka 1998, akafungua duka la pitsa Marekani, na picha ikamfuata mpaka kwenye duka. Adams mwenyewe alimwomba radhi yeye na familia yake.

dereva_wa_noah

Nyeri ile ina mambo. Nyongeza ndogo kwa fundi kabla hatujafunga: Januari 1943 Waitalia watatu walitoroka kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili. Unajua walitoroka kwenda wapi? Kupanda Mlima Kenya! Vifaa wametengeneza wenyewe kwa vyuma vya kuokota, ramani yao ilikuwa mchoro wa mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Wakapandisha bendera yao Lenana, wakashuka, wakarudi wenyewe kambini baada ya siku kumi na nane wamekonda kama ufito. Adhabu siku 28 za kufungiwa peke yao, mkuu wa kambi akazipunguza hadi saba kwa sababu alipendezwa na ushujaa wao. Benuzzi akaishia kuwa balozi.

Miaka kumi baadaye, msitu uleule wa mlima uleule, ukikutwa na risasi moja mfukoni ni kitanzi.

Binti_wa_Tetu

Siku saba. Kwa kupanda mlima wetu na bendera. Sawa.

mchungaji_wa_ngamia

Fundi, leo Jumamosi. Mama amekuja?

fundi_picha

Amekuja wakuu, saa nne asubuhi, na mjukuu wake wa kiume.

Nilikuwa nimetengeneza mbili. Moja mzee peke yake, nyuma nimeweka kokoto tupu, safi kabisa, hutajua kama kulikuwa na mtu. Ya pili wote watano wamo, nimeziba tu mikunjo na kale katundu ka mende juu ya kofia. Nikaziweka mezani, nikamweleza wale ni akina nani, wamekamatwa wapi, wamejenga nini. Sikumwambia kuhusu uzi huu.

Akachukua miwani. Akaitazama ile ya peke yake muda mrefu. Akasema, "Hapa baba kama anangoja basi." Mjukuu akacheka, akafinywa.

Halafu akaishika ile ya watu watano, akaweka kidole juu ya yule anayecheka. Akaniambia baba yake alikuwa na neno moja la kizungu ambalo hawakulijua maana, alikuwa akilisema akimaliza kula, "basta", akisukuma sahani. Wao watoto walidhani ni matusi.

"Waache," akasema. "Lakini huyu asiye na shati mvalishe. Siwezi kuweka mwanaume kifua wazi sebuleni kwangu, na mchungaji anakuja."

Tumebishana hilo la shati dakika ishirini. Nimekataa. Amelipa elfu kumi na tano badala ya ishirini.